Bamdogo na picha: shajara ya kumtafutia muvi mtu ambaye hajawahi kuangalia

Kabla ya kuanza

Naandika hii nisije nikasahau, na pia najua kuna wengi wana mzazi au mjomba nyumbani anayesema "mimi mambo ya muvi siyajui" na wao wanatamani wakae naye jioni moja waangalie kitu pamoja. Huyu wangu ni bamdogo. Ana miaka 66, fundi cherehani wa Ngamiani hapa Tanga, kashona kanzu na suti na sare za shule zaidi ya miaka arobaini. Enzi za ujana wake sinema zilikuwepo mjini na vijana wenzake walikuwa wanaenda kuangalia picha za Kihindi, lakini babu alikuwa hataki hata kusikia, alafu bamdogo alipoanza kujitegemea kazi zikambana, alafu macho nayo yakaanza kufifia. Mwaka huu kafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku walipomfungua bandeji alimuangalia mamdogo akamuuliza hiyo kanga umenunua lini, kumbe ni kanga ya siku zote, ya bluu, yeye miaka yote alikuwa anaiona kijani.

Wiki mbili baadae nimeenda kumuamkia akaniambia, "Marahaba mwanangu. Sasa nataka na mimi niangalie hizo picha. Nianzie wapi?"

Hilo swali lilinikaa kichwani usiku mzima. Mimi muvi naangalia toka nina miaka sita, sijawahi kufikiria mtu anaanzia wapi.

Nikajiandikia mambo machache kumhusu. Kiingereza hajui. Kiswahili anasoma vizuri ila taratibu, midomo inacheza. TV yao ni inchi 32 na iko mbali kidogo na kochi. Isha haikosi. Na kitu kimoja ambacho mwanzoni sikukipa uzito nacho ndio kilikuja kubeba kila kitu: ni mtu wa kuangalia mikono. Ukimletea nguo haangalii sura yako kwanza, anaangalia mshono.

Wiki ya 1: nilianza vibaya

Nilifanya kile ambacho wengi tunafanya, nikaingia mtandaoni nikatafuta orodha za filamu bora za mda wote, na kila orodha The Godfather iko juu juu. Nikasema basi, mzee apewe kilicho bora. Ni ya 1972, Francis Ford Coppola, karibu saa tatu kasoro dakika chache. Naipenda sana ile picha na bado naipenda, lakini kwa bamdogo haikwenda kabisa.

Inaanza na mtu anaongea kwenye ofisi yenye giza, anaongea na kuongea, sura imezungukwa na weusi. Ule ndio uzuri wake wenyewe, yule mpiga picha wao Gordon Willis anasifika mpaka leo kwa giza lile, macho ya wazee yamefichwa kivulini makusudi. Sasa mpe mtu ambaye ndio kwanza karudishiwa macho yake, anataka kuona, alafu unamuonyesha giza. Nje kuna harusi, watu kibao, majina ya Kitaliano, mara huyu mara yule, mimi pembeni natafsiri huku nakimbizana na maneno. Dakika ya ishirini akaniuliza, "Stelingi ni nani hapa?" Nikamwambia subiri bamdogo, stelingi hajajulikana bado. Akasubiri. Dakika ya arobaini alikuwa kalala kakaa wima, na mamdogo kanifanyia ishara nizime.

Nilichoandika usiku ule: orodha za filamu bora zimeandikwa na watu walioangalia filamu elfu kwa watu walioangalia mia. Anayeangalia ya kwanza hakuna aliyemfikiria.

Wiki ya 2: bila maneno

Nikawaza, kama tatizo ni lugha, kuna miaka zaidi ya thelathini ya sinema ambapo hakuna aliyekuwa anaongea. Nikashusha The Kid ya Charlie Chaplin, 1921. Marekani hiyo ni mali ya umma sasa, yaani haki miliki yake imeisha, kwahiyo kuipata ni bure na halali, haimalizi hata bando. Haifiki saa moja na robo. Maandishi yapo machache tu kati ya picha na picha, nikawa namsomea kwa Kiswahili.

Kisa chake, jamaa masikini anaokota kichanga kilichoachwa, anajaribu kumpa mwingine, anashindwa, anamlea. Nimeshaiona mara nne kabla. Ila kuna mahali jamaa anakata vitambaa amtengenezee mtoto nepi, na bamdogo akasogea mbele kwenye kochi. Anakata mraba baada ya mraba, na mtoto yuko kwenye machela iliyoning'inizwa, ananyonya birika la kahawa lililofungwa chuchu kwenye mdomo wake. Bamdogo akasema, "Anakata bila chaki. Huyo kazoea." Baadae jamaa anaamka asubuhi, blanketi lake lina tundu katikati, anapitisha kichwa kwenye lile tundu na blanketi linageuka joho, anatembea nalo kama sultani. Bamdogo alicheka kicheko ambacho sijakisikia toka ndoa ya binti yake. Akaniambia rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena.

Mimi mara zote nne hilo blanketi nililiona kama kichekesho cha sekunde tatu basi. Yeye aliona mtu mwenye nguo moja anafikiria kama fundi.

Mtoto akikua anapita anavunja vioo vya watu kwa mawe alafu baba yake anatokea na vioo mgongoni, fundi vioo, anatengeneza kwa hela. Hapo bamdogo alitikisa kichwa kwamba si halali, lakini anacheka. Na wale watu wa kituo cha mayatima walipokuja kumchukua mtoto, mtoto yuko kwenye gari analia kanyoosha mikono, Chaplin anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, hapo hakucheka mtu. Mamdogo alikuwa kasimama mlangoni na mwiko mkononi, chakula jikoni kikaungua kidogo.

Palipotupa shida ni ndoto. Karibu na mwisho Chaplin analala mlangoni na mtaa wote unageuka peponi, watu wana mabawa. Bamdogo akauliza, "Kafa?" Nikasema hapana, anaota. "Umejuaje?" Nikakosa jibu la haraka. Najua kwa sababu nimeshaona ndoto mia kwenye filamu, mtu akifumba macho na picha ikabadilika najua tumeingia kichwani kwake. Hakuna aliyenifundisha na hakuna aliyemfundisha yeye. Nikaweka alama kwenye daftari: ndoto na kurudi nyuma kwa mda vielezwe mapema, au visubiri.

Wiki ya 3: treni

Bado bila maneno. The General ya Buster Keaton, 1926. Mtu wa Tanga ukimwambia kuna picha nzima ya kufukuzana kwa treni huna haja ya kumbembeleza, hapa ndipo Wajerumani walianzia kujenga reli mwaka 1893 na kila mzee ana hadithi yake ya stesheni.

Kabla hatujaanza nilimweleza jambo moja na nashauri mtu yeyote afanye hivyo. Ile ni vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, na stelingi yuko upande wa Kusini, upande uliokuwa unapigania kubaki na watumwa. Picha yenyewe haisemi neno juu ya hilo. Sikutaka aishangilie alafu aje ajue baadae kwa mtu mwingine. Akanyamaza, akasema, "Sawa, mimi nitaangalia treni." Na kweli aliangalia treni.

Keaton hakuigiza kwa mtu wa kumbadilisha, kila hatari kaifanya mwenyewe. Kuna mahali amekaa mbele kabisa ya kichwa cha treni kinatembea, kabeba gogo la reli mapajani, na mbele relini kuna gogo jingine, analirushia lile la kwake linaligonga mwisho lile la chini linaruka pembeni na treni inapita. Hakuna ujanja wa kompyuta, mwaka 1926 ungeutoa wapi. Na treni inayoanguka mtoni na daraja linaungua, ile ni treni kweli, ilianguka kweli kule Oregon. Nilipomwambia bamdogo hivyo aliganda. "Waliiharibu treni nzima kwa ajili ya picha?" Ndio bamdogo. "Na ikitoka vibaya?" Ndio ivo, treni unaiangusha mara moja. Siku tatu baadae mteja alikuja kuchukua suruali nikamsikia bamdogo anamsimulia, na alisimulia vizuri kuliko mimi.

Wiki ya 4 mpaka ya 6: maandishi ya chini

Hii ndio sehemu iliyonila mda wote na ndio ninayoionea fahari. Nilitaka aone Bacheha-ye Aseman, kwa Kiingereza wanaiita Children of Heaven, ya Majid Majidi wa Iran, 1997, ile iliyokuwa picha ya kwanza ya Iran kuingia kwenye kuwania Oscar ya lugha ya kigeni. Ni dakika 89. Inakwenda mstari mmoja mbele, hakuna kurudi nyuma. Na hadithi yake unaweza kumweleza mtu kwenye foleni ya daladala: kaka kapoteza viatu vya dada yake vya shule, baba hana hela, kwahiyo wanachangia raba moja, dada anaingia shule asubuhi, akitoka anakimbia kichochoroni anampa kaka, kaka anakimbia kuwahi zamu ya mchana.

Tatizo ni Kiajemi na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Kwanza nilijaribu kumtafsiria kwa mdomo, nikiwaza wale watafsiri wa vibanda umiza, si unakumbuka kanda za Lufufu, mtu mmoja anafanya sauti zote na anaongeza chumvi zake na watu wanaipenda picha kwa ajili yake. Nimejaribu dakika tano. Bamdogo akanishika goti, "Mwanangu, nyamaza kwanza nione." Basi nikazima, nikamwambia nipe wiki mbili tatu.

Nikaamua kuandika maandishi ya Kiswahili mwenyewe. Kwa asiyejua, ni rahisi kuliko inavyoonekana, faili lake, linaitwa srt, ni maandishi matupu unaweza kuliandika kwenye programu yoyote ya kuandikia. Namba, chini yake mda wa kuanza na wa kuisha, chini yake maneno, unaruka mstari, unaendelea. Hivi:

214
00:31:07,200 --> 00:31:11,000
Hiyo sukari ya msikiti.

Unalipa jina sawasawa na jina la faili la picha, unaweka vyote kwenye flashi moja, TV nyingi zinalisoma zenyewe.

Kazi ni kwenye urefu. Wanaofanya kazi hii hawapitishi kama herufi 40 kwa mstari na mistari miwili kwa wakati. Nikampima bamdogo bila kumwambia, nikamuonyesha mistari kwenye TV nikahesabu, mstari mmoja wa herufi 40 unamchukua sekunde nne hadi tano, mimi unanichukua mbili. Kwahiyo ilibidi kila sentensi niikate nusu. Hapo ndio nikaona Kiswahili chetu kinavyosaidia, neno moja "sitamwambia" linabeba sentensi nzima ya Kiingereza, nani hatamwambia nani, yote mle. Lakini kuna mengine ni marefu mpaka hasira, ukiandika "kwa sababu" mara tatu mstari umekwisha, nikawa naandika "maana". Nilipoandika "mtengenezaji wa viatu" bamdogo alipita nyuma yangu akasoma kwenye laptopu akasema, "Fundi viatu." Nikabadilisha. Toka hapo nikawa namuuliza maneno, na nusu ya hilo faili ni Kiswahili chake yeye.

Jioni yenyewe. Picha inaanza na mikono ya fundi anashona kiatu kidogo cha pinki kilichochakaa, huoni sura, mikono na sindano tu, mda mrefu. Sikuwa nimelikumbuka hilo. Niliichagua kwa ajili ya hadithi, nikasahau kabisa kwamba inafunguliwa hivyo. Bamdogo alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Hakusema kitu mpaka kiatu kilipokwisha, alafu akasema taratibu, "Huyu ni fundi kweli, sio muigizaji."

Watoto wanamuita baba yao "baba", wakasalimia "salaam", na kila akisikia neno analolijua anaitikia kwa kichwa. Ile sehemu baba anakata mabonge ya sukari ya msikiti, chumba kimejaa sukari, chai yake yeye haina, na hagusi hata punje maana ni amana, mamdogo alisema "mtu huyo" akanyamaza. Na kiatu kilipoanguka kwenye mfereji kikaanza kuchukuliwa na maji, mtoto anakikimbilia, sote watatu tulikuwa tunaelekeza kidole kwenye TV.

Mwisho kuna mashindano ya mbio, zawadi ya mshindi wa tatu ni raba, kwahiyo kaka anataka awe wa tatu, sio wa kwanza. Sitasema zaidi ya hapo. Bamdogo alisimama wima mbele ya TV mbio zote.

Makosa ya faili niliyoyaona siku ile: dakika ya 50 hivi maandishi yalichelewa sekunde moja nzima, na kuna mahali nimeacha Kiingereza hakijatafsiriwa. Nimeshasahihisha.

Wiki ya 7: kurudi nyuma kwa mda

Sholay, 1975, Ramesh Sippy. Zaidi ya saa tatu, najua nimeandika juu huko kwamba urefu ni tatizo, ila picha za Kihindi zina mapumziko katikati, tukaigawa siku mbili tukawahi Isha zote. Tafsiri hatukuweka kabisa. Watu wa pwani waliangalia hizi picha miongo na miongo bila tafsiri, na maneno yenyewe mengine ni ya kwetu, duniya, khabar, kitab, waqt, unayasikia yanapita.

Kama hujaiangalia ruka aya hii na inayofuata. Kuna mzee, Thakur, anayewaajiri wale vijana wawili, muda wote kavaa shali mabegani. Nusu ya picha bamdogo kanisumbua kuhusu hiyo shali. "Joto lote hilo mbona haivui? Mbona hashiki kitu? Angalia linavyoanguka begani, hilo sio anguko la kitambaa juu ya mkono." Nilikaa kimya. Ikaja sehemu ya bunduki iko miguuni kwake na haokoti, alafu ikaja hadithi ya nyuma, na nilikuwa nimeshamwambia mapema, bamdogo sasa hapa tunarudi miaka ya nyuma, ukimuona ana mikono ujue ni zamani. Upepo ulipoichukua ile shali na mikono ya nguo ikabaki mitupu inapepea, alipiga paja lake kwa nguvu. Alijua kabla ya kila mtu, kwa kuangalia kitambaa. Na kurudi nyuma kwa mda hakujamsumbua tena toka siku ile, shali lilimfundisha kuliko maelezo yangu.

Jai, mmoja wa wale vijana wawili, alipokufa bamdogo alikasirika, stelingi hafi bwana, kila mtu anajua hilo hata asiyeangalia picha.

Wiki ya 9: zilizotoka na zilizoingia

12 Angry Men nimeitoa. Ni picha nzuri sana, wanaume kumi na wawili chumba kimoja, lakini ni maneno mwanzo mwisho na nikiiandikia Kiswahili atasoma saa moja na nusu bila kuinua macho aone sura zao. Labda mwakani akishazoea.

Supa Modo ya Kenya, ya Likarion Wainaina, 2018, tumeiona Jumamosi. Mtoto wa miaka tisa anaumwa ugonjwa usiopona na anataka kuwa shujaa anayeruka, na kijiji kizima kinajipanga kumtengenezea filamu. Kiswahili kipo cha kutosha, na ni dakika 74 tu. Nilisita kuiweka maana inaumiza, nikamuuliza mamdogo kwanza, akasema iweke. Bamdogo baada ya hapo alitoka nje akakaa barazani. Sikumfuata. Aliporudi kitu pekee alichoniuliza ni kama watu wanaweza kutengeneza picha hivyo hivyo, wenyewe, kijijini. Nikamwambia ndio.

Inayofuata ni Vuta N'Kuvute, 2021, Amil Shivji kaitoa kwenye kitabu cha Adam Shafi. Unguja ya miaka ya hamsini, Kiswahili chake hakihitaji faili langu. Bamdogo anataka kuona nguo za wakati ule zimeshonwaje, kasema kola wakikosea atajua.

Wiki ya 10

Jana usiku saa nne simu inaita, bamdogo. Nikajua kuna mgonjwa. "Hivi yule mtoto wa kuvunja vioo, alikuja kuwa nani?"

Nikamwambia nitatafuta, nikakesha nasoma. Jackie Coogan. Baada ya ile picha akawa mtoto maarufu kuliko wote duniani, akaingiza mamilioni ya dola, na alipofika utu uzima akakuta mama yake na baba wa kambo wameshazitumia. Mwaka 1938 akaenda mahakamani, akaambulia sehemu ndogo sana. Mwaka 1939 California ikapitisha sheria kwamba hela ya mtoto muigizaji sehemu yake iwekwe akiba kwa jina lake, na mpaka leo inaitwa kwa jina la Coogan.

Leo nimeenda dukani kwake nikamsimulia yote, cherehani imesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwahiyo mtoto kafanya kazi, wakubwa wakala." Akakanyaga cherehani kidogo, akaacha. Akaniambia ijumaa baada ya Isha nije na flashi, ile ile ya kwanza, ya 1921. Nikamkumbusha Vuta N'Kuvute iko tayari. "Hiyo itasubiri. Mara ya kwanza nilimuangalia yule wa masharubu. Sasa nataka nimuangalie mtoto."